"Bumu" ni Mtaji, si Faida

MOROGORO: Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ilipanda kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku. Mwanafunzi mpya wa SUA akipokea "bumu" la siku 60 hushika Sh. 600,000 kwa mkupuo.

Tuseme kodi ya chumba ni Sh. 100,000, ilipwe kwanza. Zinabaki Sh. 500,000. Akitumia Sh. 12,500 kwa siku, siku ya 40 mfuko ni mtupu. 20 zilizobaki ni za madeni. Kwa kuwa malipo huweza kuchelewa, agawe kwa siku 70: takriban Sh. 7,140 kwa siku. Wanaochangiana kununua viazi na kabichi za Mgeta kwa jumla hupunguza gharama za mgahawani.