Simu ikukumbushe sindano ya mwisho

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019 katika Kaunti ya Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za kwanza kuipata. Wakati huo mtoto alipangiwa sindano akiwa na miezi 6, 7, 9, kisha 24. Kazi iko kwa hiyo ya mwisho, inayorefusha kinga. Mtoto keshatembea, ni mzima, na kijitabu cha kliniki kimelala sandukuni.

Simu yaweza kusaidia. Katika utafiti wa chanjo za kawaida uliofanywa Siaya, kaunti jirani, na kuchapishwa 2017, asilimia 82 ya watoto ambao wazazi wao hawakutumiwa ujumbe walikamilisha chanjo. Wazazi walipotumiwa ujumbe mfupi pamoja na shilingi 200 kwa kuchanja kwa wakati, ilifika 90. (Nauli nayo ina nguvu zake!)

Si lazima simu ya bei ghali. Nakili tarehe iliyoandikwa kijitabuni, kisha utege kengele siku mbili kabla, katika simu ya mama na ya baba. Ukibadilisha laini, mjulishe muuguzi. Tarehe ikishapita, mpeleke mtoto vivyo hivyo.