Kueleza Chati na Grafu kwa Kiingereza

Ukimaliza sehemu hii uweze:
(a) kutambua jambo kuu linaloonyeshwa na grafu;
(b) kuandika aya moja ya Kiingereza inayoieleza grafu hiyo;
(c) kuepuka makosa yanayotokana na kutafsiri Kiswahili neno kwa neno.

Utangulizi

Swali la grafu humpa mtahiniwa takwimu zote anazozihitaji, lakini wengi hupoteza alama humo. Baadhi huorodhesha namba zote, moja baada ya nyingine. Wengine huiacha grafu na kusimulia mambo wanayoyajua wao. Kueleza grafu ni kumwambia mtu asiyeiona mambo makuu yaliyomo. Ustadi huu utakufaa pia katika Jiografia na Biolojia, ambako nako unajibu kwa Kiingereza.

Takwimu za mfano

Jedwali hili linaonyesha idadi ya watu wa Tanzania katika sensa sita, kwa mamilioni. Lichoree grafu ya mihimili kwenye daftari kabla ya kuendelea.

| Mwaka | Watu (milioni) |
|---|---|
| 1967 | 12.3 |
| 1978 | 17.5 |
| 1988 | 23.1 |
| 2002 | 34.4 |
| 2012 | 44.9 |
| 2022 | 61.7 |

Hatua za kufuata

*Hatua ya 1: Soma kabla ya kuandika.* Angalia kichwa cha grafu, miaka, na kipimo. Hapa kipimo ni milioni. Ukiandika "61.7 people" umebakiza nchi nzima na watu wasiofika hata mlango wa darasa.

*Hatua ya 2: Andika sentensi ya utangulizi.* Taja aina ya grafu, inahusu nini, na kipindi chake. Tumia wakati uliopo, kwa kuwa grafu iko mbele yako: "The bar graph shows..." Kwa chati ya duara andika "The pie chart shows...", na kwa grafu ya mstari andika "The line graph shows..."

*Hatua ya 3: Sema jambo kuu.* Anza na "Overall". Jiulize: nikiruhusiwa sentensi moja tu, nitasema nini? Hapa jibu ni kwamba idadi ilipanda katika kila sensa na kufikia takriban mara tano ya ile ya 1967.

*Hatua ya 4: Chagua takwimu za kuthibitisha.* Chukua mwanzo, mwisho, ongezeko kubwa kuliko yote na dogo kuliko yote. Nyingine ziache. Sensa zimekwisha kupita, kwa hiyo hapa tumia wakati uliopita: "rose", "increased", "reached".

Jibu la mfano

The bar graph shows the population of Tanzania in six censuses between 1967 and 2022. Overall, the population rose in every census and became about five times larger. In 1967 there were 12.3 million people, and by 2002 the number had reached 34.4 million. The largest increase came between 2012 and 2022, when the population rose by 16.8 million, from 44.9 million to 61.7 million. The smallest increase was 5.2 million, between 1967 and 1978.

Ona kwamba takwimu ya 1988 haikutajwa, na jibu halikupungukiwa kitu.

Mtego wa miaka

Kati ya 1988 na 2002 watu waliongezeka kwa milioni 11.3. Kati ya 2002 na 2012 waliongezeka kwa milioni 10.5. Je, kasi ya ongezeko ilipungua? Mtahiniwa mwenye haraka ataandika "the growth slowed down", naye atakuwa amekosea. Kipindi cha kwanza ni miaka 14, cha pili ni miaka 10. Gawanya: cha kwanza ni wastani wa milioni 0.8 kwa mwaka, cha pili ni takriban milioni 1.05. Kasi iliongezeka. Kabla ya kulinganisha vipindi, hesabu miaka ya kila kimoja.

Makosa ya kawaida

1. *"To" na "by".* "Rose to" ni kupanda hadi. "Rose by" ni kupanda kwa kiasi fulani. Ukiandika "the population rose by 61.7 million" badala ya "rose to", umesema watu milioni 61.7 waliongezeka juu ya wale waliokuwapo. Kiingereza kinaweza kuonekana kizuri, lakini taarifa ni ya uongo.

2. *Kiwakilishi kisichohitajika.* Kiswahili husema "idadi iliongezeka", na ile "i-" ni ya lazima. Ndiyo maana wengi huandika "The population it increased". Kiingereza hakihitaji "it" hapo: "The population increased".

3. *Ulinganishi.* "Watu wengi kuliko" huzaa "many people than". Sahihi ni "more people than".

4. *Umoja na wingi.* Andika "The number of people was", si "were". Kinachozungumziwa ni idadi, nayo ni moja.

5. *Kuongeza sababu.* Ukiwa unasoma Kibaha umeviona viwanda vikijengwa. Ukiwa Kisarawe umeona mashamba yakigeuzwa viwanja vya nyumba. Ukipewa grafu ya watu wa Mkoa wa Pwani utatamani kuandika "because of factories". Usiandike, isipokuwa swali limekuomba sababu. Grafu inaonyesha kiasi gani na lini. Kwa nini haimo humo.

Zoezi

Jedwali hili linaonyesha watu wa mikoa miwili jirani, kwa mamilioni.

| Mkoa | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Dar es Salaam | 4.4 | 5.4 |
| Pwani | 1.1 | 2.0 |

1. Andika sentensi ya utangulizi kwa Kiingereza.
2. Mkoa upi uliongeza watu wengi zaidi? Upi ulikua kwa kasi zaidi? Andika sentensi mbili.
3. Sahihisha: "Dar es Salaam it has many people than Pwani in 2022."

Mwongozo wa majibu

1. The table shows the population of Dar es Salaam and Pwani in 2012 and 2022.
2. Dar es Salaam added slightly more people: its population rose by 1.0 million, while that of Pwani rose by 0.9 million. However, Pwani grew much faster, because its population nearly doubled in ten years.
3. Dar es Salaam had more people than Pwani in 2022.

Swali la 2 ndilo linalotenganisha majibu. Anayetazama ongezeko peke yake ataipa Dar es Salaam ushindi katika yote mawili. Anayelinganisha ongezeko na idadi ya mwanzo ataona kwamba Pwani, yenye watu wachache, ndiyo iliyokimbia zaidi.