Twende Kisiwani, Lakini Twende Wote: Somo kwa Vijana Wanaopanga Matembezi ya Siku Moja



Kijana mwenzangu, likizo ikikaribia, kwenye makundi yetu ya WhatsApp huanza lile swali: "Jamani, mwaka huu tunaenda wapi?" Kwa sisi wa Dar es Salaam jibu mara nyingi ni bichi, na wenye hamu zaidi wanasema kisiwani: Mbudya au Bongoyo. Leo naomba tujifunze namna ya kupanga safari hiyo ya siku moja. Usishangae kukuta somo kama hili mahali pa tafakari. Namna tunavyopanga kufurahi inaonyesha kama kweli tunapendana.

Neno la leo: Marko 6:30-44

Fungua Biblia yako usome kwanza, ndipo uendelee.

Umesoma? Basi tazama. Mitume wamerudi kutoka utume, wamechoka. Watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu hawaambii wakaze mwendo. Anawaita waende kando, mahali pa upweke, wapumzike kidogo. Wanapanda mashua, wanavuka. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kupumzika ni uvivu au ni mambo ya dunia. Wazo la kupanda chombo na kwenda kupumzika ni la Bwana mwenyewe.

Lakini habari haiishii hapo. Walipofika ng'ambo walikuta umati unawasubiri. Watu ambao hawakuwamo kwenye mpango. Na Yesu hakuwafukuza, aliwaonea huruma. Hapo ndipo penye somo letu.

Kisa changu

Mwaka mmoja nilikuwa mhazini wa vijana wa kigango chetu. Tulipanga kwenda Mbudya. Mimi ndiye niliyeandika kundini kwa herufi kubwa kwamba asiyelipa mpaka Ijumaa jina lake linatoka. Vijana watatu wakasema wana udhuru. Sikuuliza udhuru gani. Nikafuta majina, nikaendelea na hesabu zangu.

Safari ilikuwa nzuri kwa kweli, mpaka jioni. Mwenye boti alituambia tuwe tayari saa tisa na nusu. Sisi tukawa bado tunapiga picha. Tuliondoka saa kumi na moja, upepo umeshaamka, mawimbi yanagonga ubavu wa boti na maji yanaturukia usoni. Majaketi okozi yalikuwa pungufu, na hatukuwa tumeyahesabu asubuhi. Dada mmoja asiyejua kuogelea alikaa bila jaketi, ameshika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Tulisali Salamu Maria njia nzima, na si kwa ibada, kwa hofu. Tulifika salama, Mungu ni mwema. Ila ule uzembe ulikuwa wetu.

Jumapili iliyofuata nilimkuta mmoja wa wale watatu anapanga mabenchi kabla ya Misa. Akaniuliza, "Mlifurahi?" Nikampa simu aone picha. Akaziangalia zote, moja moja, taratibu. Kisha akasema, "Mimi baharini naishia feri tu." Kijana aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam! Udhuru wake ulikuwa mchango. Na mimi siku ileile nilikuwa na bakaa mfukoni, kwa sababu pesa zilibaki na nyingine tulizinywea soda.

Sikulala vizuri usiku ule. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza.

1. Hesabu watu kwanza, pesa baadaye

Katika Luka 14:28 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ataketi kwanza apige hesabu ya gharama. Kwa hiyo hesabu ni jambo la Kiinjili kabisa. Orodhesha: nauli ya kufika Kunduchi (boti nyingi za Mbudya huanzia pwani ile, za Bongoyo huanzia Slipway, Msasani), boti kwenda na kurudi, kiingilio cha hifadhi, banda la makuti la kukaa kivulini, chakula, maji, na akiba kidogo ya dharura. Bei hubadilika, hivyo mtume mtu akaulize wiki hiyohiyo. Kila mmoja abebe kitambulisho, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje.

Kisha fanya hivi. Tuseme (ni mfano wa hesabu tu, si bei) mko 20 na gharama yote ni shilingi 600,000. Ukigawa kwa 20, kila mtu ni 30,000. Sasa gawa kwa 18: inakuja kama 33,300. Sema 34,000. Kwa nyongeza ya 4,000 tu kila mmoja, viti viwili vimeshalipiwa. Mlezi peke yake ndiye ajue nani anakalia viti hivyo. Asitangazwe, asishukuriwe hadharani, asipewe kazi ya kubeba deli la barafu kwa sababu hakulipa. Na mkianza wiki 12 kabla, hiyo 34,000 haifiki hata 3,000 kwa wiki. Wapo ambao wangeweza kabisa, ila hawawezi kwa mkupuo.

Na mtu akisema ana udhuru, mtafute faraghani. Umaskini wa kijana mara nyingi huvaa nguo ya "niko bize".

2. Isome bahari kabla ya kuandika ratiba

Kwenye safari ya kisiwani mwenye ratiba ni bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni siku za bamvua: tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pwani yetu hupita mita 3. Maji yakipwa sana boti haifiki ufukweni, mtatembea majini na mizigo kichwani. Basi kabla ya kuchagua tarehe, tazameni jedwali la maji au waulizeni wavuvi wa pale. Wao ndio walimu.

Pepo nazo zina majira yake. Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi. Kusi huanza na masika na kuendelea hadi Septemba hivi, na katikati ya mwaka huchafua bahari kweli. Mara nyingi asubuhi huwa shwari, upepo unapanda alasiri. Kwa hiyo nendeni mapema, rudini mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi. Ukisema hapana, ahirisheni. Kuahirisha si kukosa imani. Busara ni fadhila ya kwanza kati ya zile fadhila nne kuu za kibinadamu tulizofundishwa, na pesa ya boti haina thamani ya mtoto wa mtu.

Majaketi yahesabiwe mkiwa bado nchi kavu. Yakipungua hata moja, boti isiondoke. Msione aibu kumwambia nahodha. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko ile safari yangu ya jioni.

3. Ketini kwa vikundi

Umeona Marko anavyosema, kwamba Yesu aliwaketisha watu juu ya majani mabichi, kwa vikundi vya mia na vya hamsini? Hata muujiza ulitaka utaratibu! Nanyi gawanyeni watu wawili wawili, anayejua kuogelea na asiyejua. Hakuna anayeingia majini bila mwenzake. Kila nusu saa mtu mmoja anahesabu vichwa. Orodha ya majina na namba ya simu ya mwenye boti ibaki kwa mlezi au katekista aliyebaki nyumbani, pamoja na saa mnayotarajia kurudi.

Kisiwani hakuna maji baridi ya kunywa, bebeni si chini ya lita 2 kwa kila mtu. Kofia, kanga za kujifunika, kisanduku cha huduma ya kwanza, na ndala ngumu za kuvaa majini, kwa sababu kwenye mawe kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi, ukikanyaga mmoja siku imeisha. Pombe isiingie botini. Hilo halina mjadala.

Na mavazi je? Nitasema kwa kifupi. Vaeni nguo za kuogelea zenye staha, na macho nayo yavae staha. Usimpige mtu picha akiwa majini bila ruhusa yake, wala usiirushe mtandaoni. Mwili wa mwenzako ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19), hata ukiwa na mchanga.

4. Misa haiahirishwi

Chagueni Jumamosi mkiweza. Ikilazimu Jumapili, Misa ya kwanza asubuhi kisha safari, au Misa ya Jumamosi jioni, ambayo Kanisa linaihesabu kuwa imetimiza wajibu wa Dominika. Kisiwani tengeni saa nzima isiyo na muziki: fungu la Rozari, kimya kidogo, kila mmoja akiangalia maji. Mkumbuke kwamba baada ya kuwalisha watu Yesu mwenyewe alikwenda mlimani kusali (Marko 6:46).

Tunaye mtakatifu wa mambo haya. Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino, Italia, alipenda sana kupanda milima na marafiki zake, na Misa haikukosekana kwenye ratiba yake. Alitoka familia yenye uwezo, lakini nauli yake aliwapa maskini, akarudi nyumbani kwa miguu. Alifariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24, na Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Matembezi na huruma kwake vilikwenda pamoja. Mwombeni awe msimamizi wa safari yenu.

5. Vikapu kumi na viwili

Watu elfu tano walikula wakashiba, na baadaye wakaokota vipande vilivyobaki, vikajaa vikapu kumi na viwili. Katika Yohane 6:12 ni Yesu mwenyewe anayeagiza vikusanywe ili kisipotee kitu. Nyasi zile hawakuziacha na makombo.

Mbudya na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975. Kuchukua matumbawe na makombe ya baharini hairuhusiwi, hata lile dogo zuri unalotaka kumpelekea mama. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, lakini chupa za maji na vifungashio tunaendelea kuvitupa. Nendeni na magunia mawili. Kila taka mliyoleta irudi nanyi bara, na mkiokota na za wengine, hiyo ndiyo *Laudato Si'* kwa vitendo. Baba Mtakatifu Fransisko aliiandika mwaka 2015 akituambia kwamba dunia hii ni nyumba yetu sote.

Mwisho

Mwaka uliofuata tulikwenda tena Mbudya, tukiwa na viti viwili vilivyolipiwa kimyakimya. Yule ndugu wa mabenchi alikuwepo. Alikaa mbele kabisa kwenye boti, na tulipofika hakukimbilia majini kama sisi. Alisimama kwanza, amekunja suruali, maji yanampiga miguuni, anacheka peke yake. Saa tisa na nusu ndiye aliyetuita: "Haya, twende, mwenye boti anasubiri." Majaketi yalitosha. Magunia yalijaa.

Hakuna aliyewahi kuniuliza nani alilipa. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi

1. Katika safari yetu ya mwisho, nani hakuja? Tulijua sababu, au tulikubali "udhuru" tu?
2. Nani kati yetu hajui kuogelea, na nani yuko tayari kuwa mwenzake?
3. Tunaweza kuanza kuchanga lini ili mchango usimfungie mtu mlango?
4. Ni taka gani tunaweza kuziepuka tangu nyumbani?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewaita wanafunzi wako wakapumzike, utufundishe kupumzika pamoja nawe. Utuonyeshe aliyebaki ufukweni kwa kukosa nauli. Utulinde majini, uturudishe wote nyumbani salama, na furaha yetu isimwache mtu nyuma. Bikira Maria, Nyota ya Bahari, utuombee. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.