Uliwahi kukamatwa, sasa unaomba viza: Jifunze kwa Nabii Yusuf (a.s.)



Ndugu msomaji, hapa Kigoma nimeulizwa swali moja na vijana zaidi ya mmoja, wa Ujiji, wa Katonga na wa Kibirizi, wanaotafuta kazi Oman, Qatar na hata Marekani. Wanauliza: “Ustadhi, mimi niliwahi kukamatwa na polisi. Fomu ya viza inauliza habari hiyo. Niandike au ninyamaze?”

Mkoa wetu upo mpakani. Ng’ambo ya ziwa ni Congo, kaskazini ni Burundi. Kijana anaweza kuzuiliwa kwa kutiliwa shaka uraia wake. Mwingine hukamatwa kwa kuvua na kokoro, au kwa kuingia ziwani wakati uvuvi umesimamishwa, kama ilivyokuwa mwaka 2024 kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Akishaachiwa, hudhani jambo limekwisha, mpaka siku anapoijaza fomu.

Kwanza, tutofautishe kukamatwa na kutiwa hatiani. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Waislamu tunalijua hili kwa machungu. Viongozi wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi, hadi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka dhidi yao. Hapakuwa na hukumu ya hatia.

Lakini tahadhari. Wapo wanaokiri kosa mahakamani, wakalipa faini na kurudi nyumbani wakisema hawakufungwa. Faini ya mahakama hutolewa kwa aliyepatikana na hatia. Huyo ana kumbukumbu ya hatia, hata kama hakulala gerezani usiku mmoja.

Pili, tumtazame Nabii Yusuf (a.s.). Alikuwa mgeni Misri, akafungwa kwa tuhuma asiyoitenda, akakaa gerezani miaka kadhaa. Mfalme alipotuma mjumbe amtoe, wengi wetu tungekimbilia mlangoni. Yusuf hakutoka. Surat Yusuf, aya ya 50, inatueleza kwamba alimrudisha mjumbe, akataka mfalme kwanza aulize habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Wakaulizwa, na mke wa Mheshimiwa akakiri kuwa yeye ndiye aliyemtaka. Baada ya hapo ndipo Yusuf akaja kwa mfalme, na katika aya ya 55 akaomba kazi ya kusimamia hazina za nchi.

Tuzingatie utaratibu huo. Hakuficha kwamba alikuwa gerezani, wala hakutoka na msamaha huku tuhuma zikiwa zimebaki. Alitaka jambo lake lichunguzwe na limalizwe wazi, kisha akaomba kazi. Basi kijana wetu naye afanye hivi:

1. Kama shauri lilifika mahakamani, aende kwenye mahakama ile ile aombe nakala ya hukumu au ya amri iliyomwachia. Asome imeandikwa nini. Kushinda kesi si sawa na shtaka kuondolewa, kwa kuwa lililoondolewa laweza kurudishwa.

2. Kama aliishia kituoni, aombe kwa maandishi kujua kama jalada lake limefungwa. Kuachiwa kwa dhamana si kufungwa kwa jalada.

3. Ndipo aombe hati ya tabia njema ya Jeshi la Polisi, ambayo hutolewa baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Afanye hivyo mapema, kabla hajauza shamba la michikichi kumlipa wakala.

4. Asome swali la fomu neno kwa neno. Nchi nyingine huuliza hatia tu. Fomu ya Marekani huuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama baadaye ulisamehewa. Ajibu kilichoulizwa, aeleze kwa ufupi, aambatanishe nakala pale zinapotakiwa.

Tatu, kuna mawakala wanaowashauri vijana wakane, au wachukue pasi kwa jina jingine. Ushauri huu ni haramu, na hata kidunia ni hasara. Anayegundulika amedanganya katika maombi, Canada humfungia milango miaka 5, Uingereza yaweza kumzuia hadi miaka 10, na Marekani yaweza kumzuia maisha. Mara nyingi tuhuma ya zamani iliyoelezwa vizuri isingemnyima viza, lakini uongo unamnyima. Na pasi ya jina la uongo ni kosa jipya, zito kuliko lile la kokoro.

Tukumbuke kisa cha Ka’ab bin Malik (r.a.). Hakwenda vita vya Tabuk. Zaidi ya watu themanini walikuja kwa Mtume (s.a.w.) na visingizio, wakakubaliwa kwa dhahiri yao. Ka’ab, mtu hodari wa kujieleza, alichagua kusema kweli. Alisuswa siku 50, kisha toba yake ikateremka katika Surat At-Tawba. Na mara baada ya aya hiyo, aya ya 119 inawaamrisha waumini wawe pamoja na wakweli. Ukweli ulimgharimu, lakini ndio uliomwokoa.

Mwisho, neno kwa sisi wengine. Kijana anayesema kweli ubalozini anahitaji jamii isiyomwita mhalifu mtaani. Surat Al-Hujurat inatukataza dhana mbaya. Misikiti yetu ina wanasheria na makarani wanaoswali safu moja na vijana hawa. Wawasaidie kufuatilia hizo nakala, kwani mvuvi hajui aanzie dirisha lipi.

Namwomba Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu riziki ya halali, karibu na mbali.

Wabillahi tawfiq.