Meza yangu imepasuka, gundi ni mbaya?

*Fundi, mimi ni mwalimu, useremala najifunza mwenyewe nyumbani. Nimetengeneza meza kwa mbao za paini nilizonunua zikiwa bado nzito. Sasa uso umepasuka katikati na pembe moja imepinda. Gundi ndiyo mbaya?*
*Msomaji, Dodoma*

Usiilaumu gundi. Ingekuwa mbaya, meza ingeachia kwenye maungio. Ufa ulio katikati ya ubao unaonyesha ubao ulikuwa mbichi. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana. Urefu haubadiliki sana. Hewa ya Dodoma ni kavu, nawe bila shaka uliugongelea uso kwenye fremu ukabana kabisa. Ubao ukitaka kusinyaa ukakosa nafasi, hupasuka.

Meza inaokoleka. Ng'oa uso, uweke kivulini ndani ya nyumba juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini na juu, hadi utulie. Kisha pasua kwa kufuata ufa, piga randa kingo, unga upya kwa gundi hiyohiyo. Funga kwa skrubu, na matundu ya kwenye fremu yatanue kuelekea upana wa uso. Vanishi paka pande zote mbili. Chini wengi husahau, matokeo yake ni kupinda.

Mbao mbichi za unene wa sentimita 2.5 huhitaji hata mwaka kukauka kivulini. Huna subira? Nunua zilizokaushwa kwenye tanuri, ingawa bei imechangamka. Pembe ikikataa kunyooka, mpelekee seremala mwenye mashine ya randa.