Huduma za Kompyuta na Namna ya Kuzijulia Hali



Mhariri wa gazeti letu aliniomba niandike somo juu ya kompyuta, lisiwachoshe wazazi wala lisiwachekeshe walimu. Nimechagua jambo nililojifunza mwaka huu kwa kumwonea mwenzangu. Mwenzangu huyo yuko Kidato cha Pili, naye ameniruhusu nilieleze, ila nisimtaje jina.

Kila aingiaye katika chumba chetu cha kompyuta ameiona ile mashine iliyo chini ya meza ya pembeni, isiyo na kioo wala kibodi. Hiyo ndiyo seva. Ndani yake mna maktaba: Wikipedia ya Kiswahili, sehemu ya ile ya Kiingereza, na majaribio ya sayansi yaitwayo PhET, yaliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani. Maktaba hii haihitaji intaneti. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta yoyote chumbani, huandika anwani, na kurasa huja. Sisi wa Kidato cha Nne twaitegemea mno, maana vifaa vya maabara havitutoshi, na mtu aweza kuunganisha saketi ya umeme katika PhET mara ishirini kabla ya kugusa betri ya kweli.

Je, ni nani azileteaye kompyuta zetu kurasa hizo? Ni programu iitwayo kiwix-serve. Haina dirisha, haina picha, wala hapana mtu aketiye mbele yake. Huamka, hukaa kimya ikingoja kuulizwa, na ikiulizwa hujibu. Programu za namna hii huitwa huduma. Mabingwa wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, katika mwaka 1963, walizipa jina la pepo, wakimkumbuka yule pepo wa kubuni wa mwanafizikia Maxwell, aliyekuwa akichambua chembe za hewa pasipo kuonekana. Mimi niliposoma hayo nilicheka. Baadaye niliona kuwa jina linafaa sana, kwa maana kitu kisichoonekana kikiacha kufanya kazi, watu hawakitazami chenyewe, bali huanza kutafuta mchawi. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Jumapili moja ya mwezi wa Mei umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi jioni, seva iliwaka kama desturi, na taa zake zikametameta. Lakini wakati wa masomo ya usiku maktaba haikufunguka katika kompyuta hata moja. Zilikuwa zimebaki siku tisa tu tufanye mtihani wa majaribio, na chumba kizima kilikuwa kikinitazama, kwa sababu mimi ndimi kiranja wa chumba hicho. Niliinama chini ya meza, nikaona waya wa mtandao umelegea kidogo. Nikauliza ni nani aliyefagia siku ile.

"Ni mimi, kaka," akasema yule mdogo wetu wa Kidato cha Pili. "Lakini nilifagia tu, sikugusa waya."

Nilimwambia asinidanganye. Nikaukaza waya, maktaba isifunguke. Nikasema, basi ameuharibu ndani. Nikalipeleka jina lake kwa mwalimu wa zamu, naye akapewa siku mbili za kufyeka majani nyuma ya bwalo.

Siku ya tatu mwalimu wetu wa Hisabati, aliye mlezi wa chumba cha kompyuta, alirudi kutoka safari. Nilimwamkia nikamsimulia yote. Hakuinama chini ya meza. Aliniuliza tu, "Je, umeijulia hali huduma yenyewe?" Nikajibu kwamba waya ulikuwa umelegea. "Sikuulizi habari za waya," akasema. Akaketi mbele ya kompyuta nyingine, akaingia katika seva kwa kupitia waya uleule nilioushtaki. Hapo tu kesi yangu ilikuwa imekwisha anguka, maana waya uliokufa haupitishi hata neno moja. Nilinyamaza. Naye akaandika amri hii:

systemctl status maktaba

Yafaa nieleze maneno hayo. Seva yetu hutumia Linux ya aina ya Debian. Kompyuta kama hiyo iwakapo, programu ya kwanza kuamka huitwa systemd, nayo ndiyo huziamsha huduma nyingine zote na kuziangalia, mfano wa msimamizi wa watumishi. Ilianzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, na Debian waliifanya kuwa ya desturi katika toleo lao la 8, mwaka 2015. Amri ya systemctl ndiyo njia yetu ya kusema na msimamizi huyo. Neno status ni kuuliza, "Hali yake ikoje?" Na maktaba ni jina la huduma, nililoipa mimi mwenyewe.

Jibu lilikuja kwa mistari michache, na ndani yake mistari miwili ndiyo yenye habari. Mstari uanzao na neno Loaded ulitaja faili la maelezo ya huduma, na mbele yake neno disabled. Mstari uanzao na neno Active ulisema inactive, na katika mabano neno dead. Niliposoma neno hilo la kufa nilishtuka, nikadhani huduma imeharibika kabisa.

"Imekufa, Mwalimu!"

"Haikufa," akasema. "Haikuamshwa." Kisha akaandika amri ya pili:

journalctl -u maktaba -b

Hiyo hufungua daftari ambamo matendo ya kila huduma huandikwa. U ni kuchagua huduma moja, na b ni kusema, tangu kompyuta ilipowaka mara ya mwisho. Daftari lilikuwa tupu. Hapana kosa lililoandikwa, wala jaribio. Tangu Jumapili jioni hapana aliyeiambia huduma ile iamke.

Wenzangu, hapa ndipo somo lenyewe lilipo, nami naomba mnivumilie nikae hapo kidogo. Mtu akiuliza hali ya huduma, huwa anauliza maswali mawili pasipo kujua. La kwanza, je, inafanya kazi sasa? Jibu lake limo katika mstari wa Active. La pili, je, itaamka yenyewe kompyuta ikizimwa na kuwashwa tena? Jibu lake limo katika mstari wa Loaded, nalo ni neno enabled au disabled. Maswali haya hayategemeani hata kidogo. Chukua mfano wa mpiga kengele wetu. Aweza kuwa anapiga kengele leo kwa sababu kaka mkuu amemwita kwa mkono, lakini jina lake halimo katika orodha ya zamu. Basi kesho shule nzima italala hadi jua litoke. Na tena aweza kuwamo katika orodha, lakini leo yu mgonjwa bwenini. Ukimwona anapiga kengele leo, hujajua bado habari za kesho.

Mwezi wa Februari nilipoitengeneza huduma ile, niliandika faili lake la maelezo, nikaandika amri ya start, maktaba ikafunguka, nikashangiliwa. Amri ya enable sikuiandika. Seva ina betri ya akiba inayoimudu kwa muda wa saa mbili hivi, na kukatika kote kwa umeme tangu Februari kulikuwa kwa muda mfupi kuliko huo. Jumapili ile betri ilikwisha, seva ikazimika kwa mara ya kwanza. Basi kosa lilikuwa langu, nalo lilikaa miezi mitatu likingoja umeme ukatike sana.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja:

sudo systemctl enable --now maktaba

Yaani, liandike jina lake katika orodha, na tena iamshe sasa hivi. Maktaba ilifunguka kabla mwalimu hajainuka kitini.

Nilikwenda kwa mwalimu wa zamu kumweleza, kisha nikaenda nyuma ya bwalo. Siku mbili za yule ndugu zilikuwa zimekwisha, na majani yalikuwa yamefyekwa vizuri. Nilimkuta anarudisha fyekeo stoo. Nilimwambia kwamba waya ulikuwa mzima na kosa lilikuwa langu. Alinyamaza kwa muda, akatazama viganja vyake, kisha akasema, "Kaka, nifundishe hayo maneno ya kuuliza." Nilitegemea kulaumiwa, na kulaumiwa kungalikuwa rahisi zaidi.

Nilimfundisha, na haya ndiyo niliyomfundisha kwa kadiri niyajuavyo.

Kwanza, kuuliza hali hakuharibu kitu. Neno sudo, ambalo ni kuomba mamlaka na kuulizwa nywila, lahitajiwa kwa kuamsha, kusimamisha na kubadili orodha. Amri ya status haibadili lolote. Jambo hili lilinichoma, kwa kuwa usiku ule hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angaliweza kuuliza na kupata jibu, nami kiranja nilikuwa nimeinama chini ya meza. Majibu yakiwa marefu kioo hukaa kikingoja, na mgeni huona kama kompyuta imemkwamia. Abonyeze herufi q, atatoka.

Pili, tofauti ya inactive na failed. Huduma iliyo inactive imelala tu: labda hapana aliyeiamsha, au ilisimamishwa kwa amri, au ilimaliza kazi yake kwa amani. Iliyo failed ilijaribu ikaanguka, na hiyo ndiyo ya kutafutiwa ugonjwa. Katika matoleo ya sasa hata alama iliyo mwanzo wa jibu hutofautiana: kwa huduma iliyo kazini ni duara lililojaa la kijani, kwa iliyolala ni duara tupu, na kwa iliyoanguka ni msalaba mwekundu. Ukitaka kujua zilizoanguka zote kwa pamoja, andika:

systemctl --failed

Mimi huanza na amri hiyo kila asubuhi, kwa kuwa huitaji kujua jina la huduma yoyote.

Tatu, neno active lenyewe lina namna zake. Likifuatwa na running katika mabano, huduma iko macho. Likifuatwa na exited, huduma ilifanya kazi yake ikaondoka, nalo si kosa. Ni kama mtoto aliyefagia darasa akaenda zake, na darasa likabaki safi. Huduma ya networking katika Debian mara nyingi husomeka hivyo, na wengi huhangaika bure.

Nne, na hili wengi hulipita: tazama saa. Mbele ya active huandikwa tangu lini. Ukiuliza saa mbili ukaambiwa huduma iko kazini tangu dakika moja iliyopita, na saa tatu ukaambiwa tena tangu dakika moja, usifurahi. Huduma hiyo inaanguka na kuinuliwa, inaanguka na kuinuliwa, na wewe umeikuta tu wakati imesimama. Daftari la journalctl litakuonyesha hata hesabu ya kuinuliwa kwake.

Wazazi wenye kompyuta za Windows nao wana amri yao, sc query, ikifuatwa na jina la huduma; jibu lake huwa RUNNING au STOPPED. Sina maarifa mengi ya upande huo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mwezi wa Juni umeme ulikatika tena usiku kucha. Asubuhi, kabla ya uji, yule ndugu wa Kidato cha Pili alikuja mbio bwenini kwetu na karatasi mkononi. "Kaka, safari hii si kulala. Ni failed." Alikuwa amenakili kila neno: enabled ilikuwapo, failed ilikuwapo, na katika daftari kiwix-serve ilikuwa imelalamika kwamba faili la maktaba halionekani. Nilitaka kusema kwamba faili limefutwa, na tayari nilikuwa nikiwaza ni nani aliyelifuta. Yeye akasema polepole, "Nimetazama sasa hivi, faili lipo."

Tulikwenda kwa Mwalimu tukiwa wawili. Mafaili ya maktaba ni makubwa, kwa hiyo tumeyaweka katika diski ya nje, nasi tulikuwa tumeiruhusu seva iamke bila kuingoja diski hiyo. Huduma iliamka upesi ikatafuta faili, diski ikiwa bado haijawa tayari, nayo ikaanguka. Mwalimu alitufundisha kuongeza katika faili la maelezo mstari uanzao na RequiresMountsFor, ukifuatwa na mahali pa diski, maana yake, usiniamshe kabla ya mahali hapa kuwa tayari. Baada ya hapo tukaandika sudo systemctl daemon-reload, ili msimamizi asome maelezo mapya.

Jumamosi tuliizima seva kwa makusudi na kuiwasha tena, mbele ya watu sita waliotaka kuona. Yule ndugu ndiye aliyeketi kwenye kibodi. Tuna daftari la zamu chumbani sasa, na ukurasa wake wa siku hiyo umeandikwa kwa mwandiko wake: maktaba, active, enabled, tangu saa 4.10 asubuhi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne