Somo: Kuchagua Rimu za Aloi Zilizo Salama

Mkazi wa Nshambya anayepita vilima vya Bukoba na Muleba akiwa na abiria na mizigo asiridhike na mng'ao wa rimu. Rangi mpya huweza kuficha ufa, na rimu yenye ufa huweza kuvunjika gari likiwa mwendoni. Kabla ya kulipa, zingatia haya:

1. Alama. Rimu za Japani huwa na chapa ya JWL, ambayo ni tamko la mtengenezaji kwamba kiwango kimefikiwa. Hata hivyo, chapa hueleza rimu ilivyotoka kiwandani, si ilivyo leo.

2. Uzito. Ikiwa ekseli hubeba kilo 1,100, kila rimu yake ihimili angalau kilo 550.

3. Ulinganifu. Idadi na nafasi za matundu ya nati, pamoja na tundu la katikati, zilingane na gari lako.

4. Hali. Tairi livuliwe, upande wa ndani ukaguliwe. Kataa rimu iliyopasuka au kuchomelewa.

Baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikaguliwe na kukazwa tena. Dai risiti ya kielektroniki na uitunze. Ndiyo ushahidi wako.